Chuo cha Kirusi cha Gatwekera

Jumatatu, 5 Mei

Somo la nane leo. Wanafunzi watano. Wiki jana walikuwa tisa, lakini nimeamua kuita hiyo mchujo.

Siku moja watu watataka kujua Chuo cha Kirusi cha Gatwekera kilianzaje, kwa hiyo naandika. Kilianza na bango. Mimi ni mwandishi wa mabango. Kinyozi, posho mill ya kusaga unga, kanisa, yote ni mkono wangu. Dada yangu Adhis aliposema kuna chuo huko Urusi kinachukua wanafunzi wa udaktari wa mifugo, na kwamba mahojiano ni kwa video na lazima uongee Kirusi kidogo, nilikuwa na rangi nyekundu imebaki kwenye mkebe. Kufikia jioni bango lilikuwa limekauka. MWALIMU DALMAS. KIRUSI. WIKI TATU TU.

Kirusi chenyewe sikijui. Hata neno! Lakini nina programu ya akili unde kwenye simu, nimeibatiza Profesa. Namuuliza asubuhi, nafundisha saa nane. Niko mbele ya darasa kwa saa nne hivi. Kuna walimu walionifundisha ambao hawakuwa mbele kiasi hicho.

Mahojiano ya Adhis ni Jumamosi. Nimemwahidi Mama kwamba atapita, na Mama amekwisha kuwatangazia akina mama wote wa kanisa. Hakuna kurudi nyuma.

Adhis anasuka nywele mtaa jirani, Mashimoni. Anasuka vizuri, lakini mawazo yake yako kwa wanyama tangu tukiwa wadogo kule kijijini Kano. Mbuzi akizaa, ilikuwa lazima aitwe. Hapa hakuna wa kunisoma, basi niseme ukweli: nataka apate hiyo nafasi kuliko ninavyotaka sifa. Ingawa sifa nazo si mbaya.

Jumanne, 6 Mei

Leo vitenzi vya kwenda. Profesa anasema Warusi wana neno la kwenda kwa miguu na neno lingine la kwenda kwa gari. Halafu kuna la kwenda na kurudi, na la kwenda moja kwa moja. Ubadhirifu mtupu. Darasa langu lote ni watu wa miguu. Ojwang, anayechomelea milango ya chuma Laini Saba, anatembea mpaka Industrial Area kutafuta vyuma na kurudi. Nikafuta neno la gari ubaoni. Tukabaki na la miguu, tukalikariri kwa sauti moja mpaka jirani akagonga mabati.

Jael akainua mkono. Je, mtu akipanda ndege? Nikamwambia ndege ni baadaye.

Jael ni fundi wa cherehani na ni tatizo. Anaandika kila kitu kwenye daftari, na tarehe. Leo akafungua ukurasa wa jana. Sentensi ileile, jana nilisema mwisho wa neno umebadilika kwa sababu hii, leo nasema sababu ile. Nikatoa simu, nikamuuliza Profesa mbele ya watu wote kama ya jana ndiyo sahihi. Akasema niko sahihi kabisa, anaomba radhi, sababu ya jana ndiyo yenyewe. Jael akasema hebu mwambie ya leo ndiyo sahihi. Nikamwambia. Akasema niko sahihi kabisa, anaomba radhi, ya leo ndiyo yenyewe. Darasa likavunjika mbavu.

Jael akasema, "Mwalimu, huyu Profesa wako anaogopa kukuudhi wewe kuliko anavyoogopa kuharibu Kirusi."

Mimi naita hiyo adabu. Wasomi wangapi wanakubali makosa mara mbili kwa dakika moja?

Alhamisi, 8 Mei

Usaliti!

Adhis hakuja darasani jana. Leo pia. Nikadhani ana wateja. Ojwang, ambaye mdomo wake hauna mlango, akaniambia amemwona Kawangware, kwa mtu anayefundisha Kirusi. Kawangware! Nikatembea mpaka huko nikiwa na matope hadi magotini na hasira juu yake.

Mwalimu huyo anaitwa Mzee Ndululu. Mtu wa Machakos, mchongaji wa vinyago. Aliuza vifaru na twiga wa mbao kwa watalii kule Mombasa miaka kumi na miwili, na Warusi walikuwa wateja wake wazuri, basi akashika lugha yao kwa masikio tu. Hana ubao. Hana chaki. Wanafunzi wanakaa juu ya magogo, kila mmoja na msasa, wanalainisha vinyago vyake, na wakati huohuo wanapigania bei ya vinyago hivyo kwa Kirusi. Hilo ndilo darasa! Nilichungulia kwenye tundu la mabati. Adhis alikuwa ameshika ng'ombe wa mbao, anaonyesha mguu, analalamika. Anavuta sikio, analalamika. Mzee anamtetea ng'ombe wake kama mwanawe. Adhis anaweka ng'ombe chini, anaondoka. Mzee anamwita. Adhis anarudi. Wote wanacheka.

Nikaingia. Nikamuuliza Mzee, kwa heshima, kama anajua neno la Kirusi hubadilisha mwisho wake kwa njia ngapi. Akasema hajawahi kuhesabu. Nikamwambia ni sita. Akasema, haya, hongera, akaendelea kumpaka tembo kiwi ya viatu.

Adhis alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia, "Bro, usikasirike. Kwako nimejua majina ya makosa yangu yote. Huku najua kuitisha maji."

Niliumia. Sitaki kujidanganya. Nilimwambia chuoni huko Urusi hawamngojei na bei ya kifaru. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikirudia lile neno la kwenda kwa miguu, na hata sina hakika nililitamka sawa. Profesa aliweka alama ya mkazo juu ya herufi moja asubuhi na juu ya nyingine mchana.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepata dawa. Hotuba!

Sisi Wajaluo mtu akisimama mbele za watu hataji jina peke yake kama anayejaza fomu. Anajisifu. Ni wa wapi, ni mjukuu wa nani, ni fahali gani, ni shemeji wa nani. Ndiyo pakruok, na ukumbi mzima unaamka. Sasa, Adhis akijitambulisha hivyo kwa Kirusi, nani atamkataa? Nikamwandikia Profesa sifa zote za ukoo wetu, nikamwambia atafsiri kwa fahari kubwa.

Alitoa mistari kumi na tisa. Ni mizito mpaka simu ilipata moto.

Jael akaipitia na daftari lake. Akasema hapa anayezungumza ni mwanamume. Somo la tarehe mbili, Mwalimu, ulitufundisha mwenyewe kwamba mwanamke akisema alifanya jambo, neno lina mwisho wake. Basi nilikuwa nimeandika kama mimi, na Profesa akadhani ni mimi. Nikamrekebisha. Akaomba radhi, akabadilisha mistari minne ya kwanza, akasema amebadilisha yote. Saa zilikuwa zimekwenda. Kwa hiyo dada yangu anaanza hotuba akiwa mwanamke na kumaliza akiwa mwanamume. Watadhani ni ushairi.

Adhis hakutaka. Alisema kesho ataongea alichonacho. Lakini Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga ya kanisa mkononi, na Adhis hawezi kumkatalia Mama. Akasema sawa. Hakuweza kukariri yote, basi nikaamua kufanya ninachokijua. Nimeiandika hotuba nzima kwenye kadi kubwa za manila, tano, herufi za Kirusi kubwa kama za posho mill. Nitasimama nyuma ya kompyuta na kuziinua moja moja.

Ni mabango mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Sijui hata moja linasema nini.

Jumamosi, 10 Mei

Sijui nianzie wapi.

Ofisi ya kanisa, Laini Saba. Saa tano kamili. Adhis mbele ya kompyuta, nywele zimesukwa vizuri. Mimi nyuma ya kompyuta na kadi zangu. Mama nje, anaomba kwa sauti. Kwenye skrini mhadhiri mama mmoja, mnene, miwani, uso wa mtu aliyehoji watu wengi.

Nikainua kadi ya kwanza. Adhis akaanza kusoma. Nikainua ya pili. Garimoshi likapita, ofisi ikatikisika, kadi zikaanguka. Nikaziokota haraka, nikainua ya tano, kisha ya tatu. Adhis akasoma tu, masikini, sauti inapungua. Alipofika mwisho mhadhiri alivua miwani. Akauliza jambo.

Adhis alinitazama. Mimi, mwalimu wake! Nikatazama kadi. Hakuna jibu kwenye kadi. Nilikuwa sijaelewa hata neno moja la lile swali, na wakati huo nilijiona mtu bure kabisa, nimemsimamisha dada yangu mbele za watu kwa ajili ya rangi nyekundu. Nikaisogeza simu kwenye kompyuta ili Profesa asikie. Akaandika: anauliza kama Adhis ni fahali. Nikasema hapana, haiwezekani, nikazima simu. Kumbe ndivyo alivyouliza. Siku ambayo Profesa alikuwa sahihi, sikumwamini.

Mengine Adhis alitueleza baadaye. Mhadhiri aliuliza atafikaje Urusi. Adhis akajibu na neno pekee la safari nililomwachia: atakwenda kwa miguu. Mhadhiri akaandika kitu. Nilidhani ni mwisho.

Kisha yule mama akaweka picha ya ng'ombe kwenye skrini. Unaona nini?

Nikaona mgongo wa Adhis ukinyooka. Akasogea mbele. Akaonyesha mguu kwa kidole, akasema. Kwato, akasema. Sikio, mbavu, mkia. Hakungoja maneno mazuri, alisema aliyokuwa nayo na yakipungua anatumia mikono. Mguu huu umepinda. Kwato ni ndefu. Huyu ni mgonjwa, hali chakula. Mhadhiri akavaa miwani tena.

Lakini akasema Kirusi bado ni kidogo. Ajaribu mwaka ujao.

Adhis akatikisa kichwa. Akafanya ile sura niliyoiona Kawangware. Akasukuma kiti, akainuka kama mtu anayeondoka. Nikafumba macho. Kisha akageuka, akainama kwenye kompyuta, akamwambia: Mama, mwaka ujao ni mbali. Shuka kidogo. Sema neno la mwisho.

Yule mama alicheka mpaka akamwita mwenzake aje aone. Wakapatana hapo hapo! Mwaka mmoja wa lugha kwanza, halafu udaktari wa mifugo. Adhis akasema bado, ongeza. Ongeza nini? Kitanda hosteli. Wakasema wataandika barua baada ya kushauriana.

Nilijua maneno hayo si yangu. Nilitoka nikaenda kando ya reli nikalia kidogo. Muuza mahindi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, dada yangu amekataa bei ya kwanza.

Alhamisi, 15 Mei

Barua imekuja! Amepata. Mwaka wa lugha, na kitanda.

Mama alipiga vigelegele mpaka Mashimoni wakasikia. Akapika samaki na kuku, akatuma Mzee Ndululu aitwe. Mzee akaja na ng'ombe wa mbao amefungwa kwenye gazeti, mguu umenyooka sasa. Jael akaja na daftari. Mama akatushukuru mimi na Mzee pamoja, kwa sentensi moja. Niliona haikuwa lazima tuwe sentensi moja.

Baada ya kula, Adhis alinivuta pembeni. Nilijiandaa kusemwa. Badala yake akashika mkono wangu. Akasema kile chuo alikuwa amekitaja tu, kama mtu anavyotaja mvua, na hakuna aliyemchukulia kwa uzito, hata yeye mwenyewe. "Asubuhi nikaona bango lako hapo nje, nikasema, ai, kumbe hii kitu inawezekana."

Akaniomba jambo moja. Niende kwa Mzee Ndululu, nikae kwenye gogo, nifunge mdomo, nijifunze kwa masikio kama wengine. Nikaahidi. Nilimwahidi kwa moyo wote.

Jumanne, 20 Mei

Nimetimiza ahadi. Jana nilikwenda Kawangware asubuhi na mapema. Mzee alinipa gogo, msasa na kifaru. Akasema wiki ya kwanza nisiseme neno, nisikilize tu.

Nilisikiliza karibu saa nzima.

Na katika saa hiyo nikaona jambo ambalo wote hapo hawajaliona, kwa sababu wanashughulika na Kirusi. Uchongaji hauna siri yoyote! Ni gogo, ni patasi, ni kuondoa kisichokuwa twiga. Nikamuuliza Profesa njiani nikirudi. Akasema ni swali zuri sana, akanipa hatua saba. Saba tu. Kirusi kina njia sita kwa neno moja peke yake.

Bango limekauka. Safari hii nimetumia kijani. Jael ameuliza kama alete daftari, nikamwambia alete. Ojwang analeta magogo. Darasa la kwanza ni kesho saa nane.

Atakayesoma anisamehe mwandiko huu. Nimejaribu hatua ya kwanza leo mchana, na sasa naandika kwa mkono wa kushoto.