Kituo cha Saba cha Mji wa Brannock

Mheshimiwa Meya, ambaye yuko nasi kwa moyo kwa kuwa kwa mwili ameenda kuvua samaki. Mchungaji Rainey, uliyetuazima uwanja huu wa kuegesha magari wa kanisa. Waheshimiwa madiwani wawili, na yule wa tatu aliyesimamishwa. Mwenyekiti wa Kamati ya Urithi wa Chuma, ambaye ni mimi, Hollis Pruitt. Katibu wake, ambaye pia ni mimi. Malkia wa tamasha la matunda ya pichi wa mwaka huu, na wa mwaka jana aliyekataa kurudisha taji. Wazee mliofanya kazi kwenye matanuru ya chuma, pamoja na mapafu yenu yaliyobaki. Wananchi wa Alabama mliokaa ndani ya magari yenu viyoyozi vikiwa vimewashwa kama nilivyoagiza. Na mgeni wetu rasmi, mama yetu Bi Verlene Tuggle wa Mtaa wa Tanuru, nyumba namba kumi na nne, aliyepewa nafasi ya mbele kabisa ndani ya pikapu ya mpwa wake: nimewapanga kwa vyeo kadiri ya uwezo wangu, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa.

(Honi. Mzee mmoja anakohoa kwa muda mrefu.)

Ndugu wananchi, leo Jumamosi, ambayo nimeichagua kwa makusudi kwa sababu timu yetu haichezi na kwa hiyo hamna kisingizio, ninasimama juu ya trela hili kuzindua Mpango Mkakati Shirikishi wa Ziara ya Kihistoria ya Kujiongoza kwa Gari Binafsi, maana yake kwa kifupi ni kwamba mtalii ataendesha gari lake, kwa mafuta yake, atajionyesha mji yeye mwenyewe na kujijibu maswali yake mwenyewe, na utawala wa mji utabaki na jukumu zito la kujivunia. (Honi tano.) Ahsanteni. Niliagiza kwamba anayeridhika apige honi. Kwa asiyeridhika hatukuweka utaratibu, kwa kuwa upembuzi yakinifu ulionyesha hatakuwepo.

Ziara ina vituo kumi na viwili. Mtalii ataanzia mahali ilipokuwa stesheni ya treni, atanyoosha hadi kilipokuwa kibanda cha kinyozi Mzee Gantt, atakata kulia pale palipokuwa na ule mti mkubwa uliopigwa na radi, na akifika mahali ambapo duka la vifaa vya ujenzi lingekuwepo kama lisingeungua, basi ajue amepitiliza. (Vicheko vya kukubali, mtu mmoja anasema baiskeli yake iliungulia humo.) Hivi ndivyo sisi wa Brannock tunavyoelekezana tangu enzi za babu zetu, lakini alitokea mshauri mwelekezi kutoka Atlanta akathubutu kupendekeza tutumie majina ya mitaa. Tulimshukuru, tukamwelekeza njia ya kurudi Atlanta, na taarifa nilizonazo ni kwamba hajafika.

Jaribio lilifanyika mwezi Machi. Watalii wote walioshiriki, sawa na asilimia mia moja, yaani mume na mke kutoka Ohio, walionekana wakikizunguka Kituo cha Tatu mara sita kwa siku moja, jambo ambalo kitaalamu tunaliita kuvutiwa. Kutokana na matokeo hayo, pato la mji litakua kwa asilimia mia tatu na nusu. Hiyo nusu nimeiongeza asubuhi hii baada ya kuona hali ya hewa ni nzuri. Aidha, ndani ya gari mtalii atasikiliza maelezo yaliyorekodiwa, na baada ya mchakato wa ushindani mkali, ambao ndani yake nilikuwa mshindani, jaji na mtia saini, sauti iliyoshinda ni hii mnayoisikia. Dakika arobaini na moja za kwanza zinahusu maisha yangu. Habari za chuma zinaanza dakika ya arobaini na mbili, kwa ufupi.

(Honi moja. Inagundulika kuwa ni mtoto wa diwani ameegemea usukani.)

Sasa naingia kwenye Kituo cha Saba, ambacho ndicho kimewaleta wengi wenu hapa, msidhani sijui. Kituo cha Saba ni nyumba ya Bi Verlene, ya mwisho kati ya nyumba sitini na mbili ambazo kampuni iliwajengea wayeyusha chuma, na niliahidi mbele ya Mchungaji kwamba kibao cha ziara kikishasimikwa uani pale, nyumba hiyo haitavunjwa. Bi Verlene aliniamini. Ahadi yangu iko palepale. Lakini Kanuni ya Tano ya Mwongozo, niliyoitunga mimi kwa umakini mkubwa, inasema kituo cha kihistoria ni mahali palipokuwa na kitu. Vituo kumi na kimoja vimetimiza sharti hilo, tumevibomoa vyote ndani ya muda uliopangwa. Kituo cha Saba peke yake bado kina nyumba, tena yenye mapazia, na ndani yake mtu anakaanga bamia. Je, mtalii ataelekezwaje kwenda palipokuwa na nyumba ya Bi Verlene, ilhali nyumba yenyewe ipo na inamkodolea macho? Atachanganyikiwa. Kwa masikitiko makubwa ya kiutawala, nyumba hiyo inaizuia historia yake yenyewe kuanza.

(Bi Verlene anateremsha kioo cha pikapu. Anasema ana miaka themanini na mmoja, kwamba marehemu mumewe Otha alitoka kwenye mlango ule kwenda tanuru namba mbili kwa miaka thelathini na mmoja, na kwamba watoto wake wanne walizaliwa chumba cha nyuma. Kisha anasema, taratibu kabisa: "Hollis, mwanangu, mimi nilikufundisha shule ya Jumapili. Nitazame usoni. Nyumba yangu unaivunja au huivunji?")

Swali zuri sana, mama yangu, na kamati inalipokea kama maoni ya mdau. Nirekebishe tu lugha: ofisini hatusemi tena kuvunja. Tunasema kupandisha hadhi. Wewe utapandishwa hadhi kutoka mkazi kuwa kumbukumbu, bila kujaza fomu hata moja, na ni wachache sana katika jimbo hili waliopata nafasi hiyo wakiwa hai.

("Basi huna haya," anasema Bi Verlene. Kioo kinabaki wazi.)

Chuma juu! (Kimya.) Historia mbele! (Kimya.) Brannock, mji uliokuwepo! (Honi ya mtoto wa diwani.) Ahsante, kijana.

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mchora ramani, ambaye hatukumwajiri, kwa uvumilivu wake. Nawashukuru wachapishaji kwa kutochapisha chochote, na kwa kukikamilisha hicho kabla ya muda. Nawashukuru wale wageni wa Ohio, ambao nimeambiwa walikuwa wanatafuta petroli. Vibao havikutengenezwa, sauti yangu haikurekodiwa, na ziara yenyewe haijawahi kufikishwa mbele ya baraza la mji, kwa sababu haikuhitajika; kilichohitajika ni asubuhi moja tu ambayo Bi Verlene, asiyebanduka kwenye baraza ya nyumba yake tangu Februari, pamoja na majirani wanaomlinda kwa zamu, wangekuwa mahali pengine wakinisikiliza mimi. Ni ubunifu ambao nitauombea tuzo. Kwa hiyo shukrani za pekee zimwendee shemeji yangu, Royce Keel, mwenye tingatinga, ambaye amekwisha kufika Mtaa wa Tanuru na ataanza kazi saa nne na nusu, yaani dakika nane kutoka sasa, ili malori yake yapate pa kuegesha.

(Injini ya pikapu ya mbele inawaka. Kisha ya pili. Kisha zote.)

Ndugu wananchi, sijawaruhusu kutawanyika. Mchungaji, hata wewe? Nani amempa Bi Verlene kibali cha kuongoza msafara? Na mbona mmewasha taa za mbele mchana kweupe, kama mnakwenda kuzika? Afande pale barabarani, usiwapishe! Vaa kofia yako uliyoivua kwa heshima, hakuna maiti hapo! Dewey, wewe ni dereva wangu, na hilo ni gari la ofisi, lirudishe.

(Gari la ofisi linashika nafasi ya mwisho katika msafara na kupotea kwenye kona.)

Vyema. Iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba saa nne na dakika ishirini na tano ziara ilianza rasmi, kwamba kila mshiriki alijiendesha mwenyewe, na kwamba makadirio ya kamati kuhusu mahudhurio yamevukwa. Samahani, simu yangu inaita. Ni shemeji. Anasema kuna magari hamsini yameegeshwa mbele ya tingatinga, na juu ya baraza kuna bibi kizee ameketi, anawagawia watu chai ya barafu. Anauliza mkutano wenu huko unaisha saa ngapi. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.

(Uwanja ni mtupu. Honi, kwa mbali.)