Karabai Ambayo Hakuna Aliyeiona

Jumatatu, 2 Juni

Tumeng'oa nanga Abaiang, kisiwani kwetu, asubuhi. Hadi kisiwa cha Abemama ni siku mbili, anasema Mjomba Tokarei, mwenye ngalawa na mwenye nyota zote kichwani.

Niko tayari! Ndani ya gunia la mbata nimeficha karabai mpya, makopo sita ya nyama na fungu la tumbaku. Vyote ni vya Ten Kautu, yaani Bwana Kautu, baba yake Teretia ninayekwenda kumposa. Mposaji wa kwanza alimwendea mikono mitupu, akarudishwa hata mkeka hajaukalia. Mimi si mjinga.

Tatizo ni abiria: Shangazi Kaburoro na binamu Bwauro. Kwetu ndugu akikuomba kitu alichokiona, humnyimi. Ukimnyima, aibu yako itafika kisiwani kabla ya tanga. Dawa ni moja tu, asikione. Kwa hiyo nimelikalia gunia. Karabai ina ncha.

Jumanne, 3 Juni

Upepo umekufa. Tanga linaning'inia kama nguo ya marehemu. Mjomba amekataza kulalamika, eti upepo una masikio.

Bwauro aliuliza mbona sijainuka tangu jana. Nikasema nina jipu. Pahali pabaya. Nilisahau kwamba Shangazi ndiye mganga wa majipu wa kisiwa kizima. Akakunja mikono ya gauni, akataka kulitazama. Niliruka! Gunia likaanguka, makopo yakagongana, tumbaku ikachungulia, na watu watatu wakageuka kwa pamoja.

Bwauro aliomba moja, kwa adabu, macho chini. Shangazi naye. Mjomba naye. Yamebaki matatu.

Jumatano, 4 Juni

Maiana, kisiwa cha njiani, ilikuwa kulia kwetu asubuhi. Jioni bado iko kulia.

Mkakati mpya: kushambulia. Nimwombe Bwauro kitu anachokipenda sana, aone uchungu wake, aogope kuomba tena. Nikamwomba kisu chake. Akanipa huku anacheka! Kisha akaniomba tumbaku, yote. Sasa anaivuta tumbaku ya mkwe wangu na kunipulizia moshi usoni. Kisu nacho sinacho. Mjomba alikiomba kabla hakijapata joto mkononi mwangu.

Alhamisi, 5 Juni

Shwari. Makopo yaliyobaki tumeyala. Nakiri yalikuwa matamu.

Imebaki karabai. Nikiwa nakunywa dafu, akili ikanijia. Kitu cha mwingine mimi siwezi kuombwa! Nikamnong'oneza Shangazi: hii ni yako, mtu akiuliza, sema ni yako. Macho yakamjaa machozi.

"Mwanangu," akasema, "tangu mume wangu afe, hakuna aliyenipa hata kibiriti."

Nilijaribu kueleza. Hasikii. Anasugua kioo kwa upindo wa gauni. Na kuomba ulichokitoa mwenyewe ni aibu ambayo hata mimi siiwezi.

Ijumaa, 6 Juni

Upepo umerudi, sasa ambapo sina cha kupeleka! Nimevaa shati langu jipya ili angalau nionekane mtu. Bwauro amelisifu. Nilijua kinachofuata.

Linamkaa vizuri kuliko mimi.

Jumamosi, 7 Juni

Abemama. Nimeingia katika maneaba, ukumbi wa mikutano wa kijiji, kifua wazi, mbele ya wazee wote. Teretia alikuwa nyuma ya mama yake.

Ten Kautu aliuliza nimemletea nini. Nikasema sina kitu. Nikaanza kutafuta njia ya kutokea.

Ndipo Shangazi akainuka, karabai imekumbatiwa kifuani.

"Kautu, siku tano baharini kijana huyu hajamnyima mtu," akasema. "Nyama yake tumekula. Tumbaku yake tumevuta. Taa hii ni yake. Na shati lake lile pale, limekaa karibu na nguzo."

Bwauro akapunga mkono.

Ten Kautu alicheka hadi akajifuta macho. Akasema vitu huja na kwenda na maji, lakini mkwe mchoyo hukaa na wewe mpaka ufe. Kisha akapigapiga mkeka kando yake.

"Kaa, mwanangu."

Nilikaa. Teretia alinitazama mbavu, akaficha kicheko kwa kiganja. Nina furaha, nina furaha kabisa. Harusi ni baada ya mavuno ya babai, magimbi yetu makubwa.

Jumatatu, 9 Juni

Tunarudi nyumbani. Mkwe amenipa kitoto cha nguruwe nimpelekee mama.

Nimetafakari kwa kina kilichoniletea ushindi, nami naona ni mipango. Kosa lilikuwa moja tu, gunia lilikuwa dogo. Safari hii nimechukua kapu kubwa lenye kifuniko, nimelikalia, na kila mtu nimemwambia mapema kwamba nguruwe ni wa Shangazi.

Upepo ni mdogo. Shangazi ameshampa jina.