Kalamu Iliyowaka Kila Mahali

Fundi Kalamu hakuwa tapeli, kwa maelezo yake mwenyewe. Alikuwa fundi umeme aliyejua thamani ya hofu. Kalamu yake ya kupimia umeme ilikuwa na betri ndani na kitufe cha siri shingoni. Akikibonyeza, taa inawaka, hata akiigusisha kwenye mto wa kulalia.

Asubuhi moja, akiwa kwenye pikipiki yake, aliona trela ya kambi, kijumba cha magurudumu, uani kwa mama mmoja mtu mzima. Ilikuwa na vitanda viwili, jokofu, mapazia ya maua, na ubavuni kibao: INAUZWA. Moyo ukamruka. Meneja mmoja wa kambi ya mapumziko alikuwa akitafuta trela kama hiyo kwa udi na uvumba.

"Shikamoo, shangazi. Mimi fundi umeme, nimekuja kuona trela."

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

Fundi akasimama juu ya zulia la mpira mlangoni mwa trela, akainama kuvua viatu.

"Pita navyo tu," shangazi akasema. "Hapa hatuvui."

Uvivu wa kupiga deki huo, akawaza fundi, na bei ikashuka kichwani mwake. Taa zilikuwa zinawaka, jokofu linanguruma. Akatoa kalamu, akaigusisha kwenye kitasa, akabonyeza. Ikawaka. Akaigusisha kwenye sinki, ikawaka. Akavuta pumzi kama daktari mwenye habari mbaya.

"Shangazi, umeme unavuja. Bati lote hili lina moto."

"Masikini mimi. Sasa nani atainunua?"

"Hakuna. Labda mimi, niichinje vipuri."

Shangazi akafikiri kidogo. "Basi nipe pikipiki yako, tubadilishane. Niwe napelekea mayai sokoni."

Hapo fundi akasita. Pikipiki ile ndiyo ilikuwa miguu yake: ndiyo iliyompeleka kwa wateja, na ndiyo iliyomwondoa kwao kabla hawajashtuka. Bila hiyo, hana kazi. Lakini alimkumbuka meneja, akatoa funguo huku akijikaza asicheke.

Jioni trela ilikuwa uani kwake. Akaichomeka umeme, akaenda pekupeku kuipangusa vumbi, akashika kitasa. Kilichofuata ni kwamba alikuwa amekaa chini, meno yakigongana, na swichi ya usalama ya nyumba nzima imekata.

"Umeanguka au umekaa?" mkewe akauliza dirishani.

Fundi akainuka. Alichomoa jokofu, akafunga waya wa ardhi kwenye bati, akawasha swichi, ikakata. Akatenganisha na umeme taa moja moja, kisha soketi, kisha jiko. Ikakata kila mara. Hitilafu ilikuwa kwenye nyaya zenyewe, ndani ya kuta zilizogundishwa kwa gundi, na kuzifikia ni kuipasua trela yote. Meneja alipopigiwa simu na kuambiwa asubiri kidogo, alisema amepata nyingine. Fundi akaumia kweli, zaidi ya alivyoumizwa na kitasa.

Kesho yake akaenda kwa shangazi, kwa miguu. Akamkuta anafunga trei za mayai kwenye pikipiki.

"Shangazi, umeniuzia kifo. Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, baba? Si ulipima mwenyewe?" Akakaza kamba. "Kabla yako walikuja mafundi wawili. Walipima, taa ikawaka, wakaondoka mbio. Wewe ulipima, ikawaka, ukatoa pikipiki. Nikasema huyu lazima anajua kitu wenzake hawakijui."

Akapiga kiki, injini ikaitika mara ya kwanza. Fundi akaigusa kalamu mfukoni, akasogea kupisha njia.