Ombi la Kumwachisha Kazi Mwalimu Hirut, Aliyenikataza Kumlisha Mjukuu Wangu Tonge

Dessie, Ijumaa

Kwa heshima, Bwana Mulugeta, Mkuu wa Kituo cha Watoto,

Natumai hujambo, na wa nyumbani hawajambo. Mimi ni Etagegn, bibi yake Eyoel wa miaka miwili na nusu, yule anayeziba masikio kengele yenu ikilia. Naomba umwachishe kazi mwalimu wake, Hirut, kabla ya Pasaka. Sababu ni hizi:

1. Siku ya Krismasi nilikunja kipande cha injera, mkate wetu mwembamba, nikakichovya kwenye mchuzi wa kuku, nikakipeleka mdomoni mwa Eyoel mbele ya wageni kumi na wawili. Akageuza uso. Kwetu tonge la mkono wa bibi halikataliwi hata na mgonjwa. Nilipokwenda kushtaki, Hirut akanigeuzia kibao: "Mama, usimlazimishe. Ngozi yake, pua yake, masikio yake, vyote vinasikia kupita kiasi. Mwache aishike kwanza injera, aizoee." Aizoee! Injera ni ya kula, si ya kujuana nayo.

2. Eti siagi ninayojipaka nywelini inamkera kwa harufu. Bibi yangu alijipaka hiyohiyo, na hakuna mjukuu aliyemkimbia. Ni kweli alikuwa ametufunga mgongoni.

3. Uvumba. Kahawa bila uvumba ni maji ya moto, lakini nimeambiwa niupunguze. Sasa nanywea uani kama mwizi, na majirani wanauliza nimebadili dini lini.

4. Hirut amejaza teff beseni zima ili watoto wachimbe kwa mikono. Na miguu pia! Nafaka ya injera! Nyingine ameishonea ndani ya vifuko, anawawekea mapajani, eti uzito unawatuliza. Mimi nimebeba mizigo miaka sabini na moja na sijatulia bado.

5. Sweta ya sufu niliyomfumia kwa mkono wangu imerudishwa. "Inamchoma, mama."

Tukinyamaza, leo mtoto anakataa tonge, kesho bwana harusi atawaomba wageni wasipige vigelegele, na keshokutwa tutazikana kwa kunong'ona.

Lakini kinachoniuma hasa, Bwana Mulugeta, ni kwamba mtoto huyu hajawahi kukaa mapajani mwangu, hata mara moja. Nimelea saba. Wa nane ananikimbia, na watu wanasema hanipendi. Kama kosa si la mwalimu, ni la nani?

Nangoja hatua kali. Wasalimie mpishi, mlinzi, na watoto wote wanaokula wanacholishwa.

Wako mwenye uchungu,
Etagegn Wolde

N.B. Juzi mlinzi alikuwa ameshafunga geti la kituo, kwa hiyo barua ililala kwangu; leo Jumapili naileta nyumbani kwako. Jana Jumamosi nilikaa kimya nachambua dengu, sikumwita mtu. Eyoel akaja kinyumenyume, akakaa mapajani mwangu. Sikumbusu. Mguu ulikufa ganzi na sikuusogeza. Tafadhali Hirut asiguswe. Kama umeshamfukuza kabla ya kufika mstari huu, nielekeze anakoishi. Jumatatu asubuhi mimi na Eyoel tutakuwa mlangoni kwake.