Siku Arobaini na Mbili za Kumsubiri Keziah

Jumatatu, 24 Februari 1879

Mvua. Vifo viwili, kizazi kimoja. Nimeviandika vyote bila doa.

Leo siku ya thelathini na tano tangu mjukuu wangu azaliwe. Sijamwona. Yuko maili nne tu kutoka hapa, kwa wakwe wa binti yangu Keziah, mafundi wa magurudumu. Sheria iko wazi: mtoto aandikishwe ndani ya siku arobaini na mbili, na msajili wa vizazi na vifo wa eneo hili ni mimi. Kwa hiyo Keziah lazima aje. Mimi nakaa tu kitini. Hila safi kabisa!

Bibi Pask, mpishi wangu, ananiuliza ni babu gani anayesubiri mjukuu mchanga aje kumpigia hodi. Mwanamke huyu hajui sheria.

Jumanne, 25 Februari

Chapati za maji za kuikaribisha Kwaresima. Bibi Pask kapika nane, kisha akaenda kwa dada yake. Nimekula mbili. Marehemu mke wangu alikuwa akizirusha juu, na Keziah akipiga makofi. Nyumba kimya mno. Nimesoma Sheria ya Usajili kwa sauti, ili walau kuwe na mtu anayeongea.

Niandike ukweli, maana hakuna atakayeusoma. Keziah aliolewa mwaka juzi katika kanisa la Wamethodisti, na ndoa za huko lazima msajili awepo na kitabu chake. Msajili mimi. Akaniomba nimshike mkono nimwingize kanisani. Nikamwambia msajili haachi kitabu mezani. Basi akashikwa mkono na mzee Thurlow, baba mkwe wake, huku akitabasamu hadi masikioni. Mzee, si Keziah. Tangu siku hiyo hanisemeshi.

Lakini kitabu kilikuwa salama!

Alhamisi, 27 Februari

Balaa! Kaja Jabez, mumewe. Sheria inamruhusu baba kuandikisha. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Akavua kofia, akasema mama mtoto ana kazi nyingi. Nikamwambia wino wa serikali umekwisha. Akaitazama chupa: “Mzee, na hii iliyojaa?” Nikasema hiyo ni ya vifo. Wino ni mmoja tu! Miaka kumi na tisa sijawahi kusema uongo kazini.

Mlangoni akageuka, akanikaribisha chakula cha Jumapili. “Njoo tu, mzee. Kwetu hakuna mwenye neno na wewe.” Nikajibu kwamba nina taarifa ya robo mwaka ya kuandika.

Jumatatu, 3 Machi

Jana, Jumapili yenyewe, nilikaa dirishani. Leo siku ya arobaini na mbili. Nimevaa koti la kanisani. Keki mezani. Kiti cha pili nimekisogeza karibu na moto.

Saa nne, hakuna mtu. Saa tano, hakuna mtu. Saa sita kaja mtu kuandikisha kifo cha shangazi yake. Akakaa kiti cha Keziah. Akala vipande vitatu.

Jumanne, 4 Machi

Nilitaka kumwandikia Keziah barua ya kumwomba radhi. Nimekaa saa nzima na sikupata pa kuanzia. Ndipo nikakumbuka: kuna fomu! Maneno yote yamekwisha chapwa. “Unaamriwa kufika mbele ya Msajili. Ukikosa, utashtakiwa.” Nikajaza jina, nikatia sahihi kwa madaha.

Bibi Pask akaisoma juu ya bega langu, akaniuliza kama nimelewa.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja! Kwa miguu, kwenye mvua, mtoto kamfunika kwa shali. Amekonda. Nilitaka kusimama. Lakini kalamu ilikwisha chovywa wino.

Akaitua fomu mezani. “Umeniita, Bwana Msajili. Nimekuja.”

Nikaanza na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kisha jina la baba. Kisha nikamuuliza jina la mama. Akanitazama. “Baba, hulijui jina langu?” Nikamweleza kwamba sheria inataka mtoa taarifa alitaje mwenyewe. Kisha akasema: Keziah Thurlow, zamani Tuddenham. Akairudia hiyo “zamani” ya jina la ukoo wetu, polepole.

Jina la mtoto nililiacha liwe la mwisho, kwa tamaa.

“Njiani alikuwa Ambrose,” akasema. “Sasa mwandike Josiah.”

Ambrose ni mimi. Josiah ni mzee Thurlow.

Mtoto akafumbua macho. Ana kidevu changu. Nikaandika Josiah. Keziah akatia sahihi, nami nikainama kukausha wino. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika barabarani. Nimelia. Si juu ya kitabu.

Ijumaa, 7 Machi

Bibi Pask kaniwekea viatu mlangoni. Anasema gari la maziwa linapita saa tatu kwenda upande ule, nipande, nikapige magoti. “Nenda, bwana! Atakufukuza? Akufukuze basi!” Saa tatu gari limepita. Nimesikia magurudumu.

Ninalo wazo bora zaidi. Jana, katika ile haraka, sikumpa Keziah karatasi ya chanjo ya ndui! Kila mzazi anayeandikisha mtoto lazima apewe. Ni lazima arudi. Tena akiwa na mtoto! Nimeshakisogeza kiti karibu na moto.

Nimechukua fomu nyingine ya mwito. Pale juu mkono ukaandika wenyewe: “Mwanangu.” Lakini nafasi ile ni ya jina kamili. Nikalikwangua kwa wembe, taratibu, nikaandika Bi. K. Thurlow. Kazi safi. Huwezi kujua kama kuliwahi kuwa na neno jingine.