Daktari Yuko Onkoli

Asubuhi hiyo pale kijiweni kwetu Pasiansi hapakuwa na salamu ndefu. Shaibu Gazeti alikuwa ameshafungua ukurasa wa pili, kikombe cha kahawa gotini, anatusomea: madaktari vijana wanaojifunzia kazi hospitalini wamepangiwa ratiba mpya ya zamu. Kutwa moja wodini, kutwa moja kliniki, na marufuku kubadilishana kienyeji.

"Afadhali," akasema Ngosha, muuza mitumba, ambaye hakuna habari asiyoijua. "Tangu soko huria liingie, daktari naye ana matawi. Asubuhi yuko makao makuu, mchana yuko tawini, kwenye zahanati ya tajiri, anakuuliza kwani wewe ulikuwa unaumwa nini."

"Wewe unadhani wanalala wale?" Shaibu akamkata. "Wanaamkia wodini, wanashindia kliniki. Juzi mmoja anampima mgonjwa mapigo ya moyo, kumbe kashika mkono wake mwenyewe."

"Akaona nini?"

"Akajilaza wodini."

Tukacheka wote, isipokuwa Mashimba. Yeye alikuwa kanyoosha mguu mbele ya benchi, umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, kuanzia vidoleni hadi pajani. Aliteleza kwenye magamba ya samaki mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha. Wiki sita za kulivaa zilikuwa zimekwisha na hogo bado liko. Leo Alhamisi, Jumamosi anamwoa Modesta. Suruali ya suti haipiti, na kanisani kuna kupiga magoti. Mimi nilimwonea huruma kwa kweli, ingawa kicheko kilikuwa kimenibana.

"Ratiba, ratiba," akasema kwa uchungu. "Siku nne namtafuta daktari wangu. Kila nikifika dirishani naambiwa yuko Onkoli. Jana nikasema liwalo na liwe, nikadandia lori mpaka Kigongo, nikavuka ziwa."

Shaibu akashusha gazeti. "Ukavuka kwenda wapi?"

"Onkoli. Si ndiko aliko? Nimeuliza Busisi nzima, kule ng'ambo. Mzee mmoja akaniambia nimeshaipita, nirudi nyuma."

"Alikwambia kweli," Ngosha akadakia. "Onkoli iko huku huku, mbele ya Magu. Mimi nimeuza sana mashati kule. Wabishi wa bei, balaa."

Wakati huo Sista Wilhelmina, muuguzi, alikuwa anatoka zamu, anapita na kikapu chake. Mashimba akamsimamisha.

"Sista, hebu tusaidie. Onkoli iko upande gani?"

Sista akatutazama mmoja mmoja. "Onkoli si mahali. Ni zamu ya kuitwa. Daktari anakaa nyumbani, mgonjwa akizidiwa gari linamfuata."

Macho yote kwa Ngosha. Ngosha akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

"Basi niitieni," akasema Mashimba. "Naoa keshokutwa."

"Kwani umezidiwa?"

"Nimezidiwa na hogo, Sista. Nataka likatwe."

Sista akaweka kikapu chini. "Kukata hogo tu ndiko kulikokupeleka Busisi? Daktari alishaandika kwenye cheti chako kwamba likitimiza wiki sita litolewe. Yeye hakati. Nakata mimi, kila asubuhi kabla sijatoka zamu."

Mashimba akamkazia macho. "Lakini siku zote nne, pale dirishani ulikuwa wewe."

"Ndiyo. Ukaniuliza daktari yuko wapi, nikakujibu."

Shaibu akakunja gazeti. Mashimba akajikokota, akasimama na fimbo yake, akamwangalia Sista kwa adabu zote.

"Sawa, Sista. Na kesho nikija, nikuulize nini?"