Baba Aliyevuka Mto Ganga

Ijumaa, 27 Desemba. Kisiwa cha Havelock.

Tumefika salama. Meli ilitikisika kwa muda wa saa mbili na nusu. Diptiman alitapika mara mbili. Mimi sikutapika. Naandika hapa mapema ili isije ikasahaulika.

Diptiman ni mwanyumba wangu. Mimi nimeoa dada mkubwa, yeye kaoa mdogo. Ana miwani ya kuzamia aliyonunua Bangkok, na ameining'iniza shingoni tangu uwanja wa ndege wa Kolkata. Mama mkwe naye amevaa kofia ya sufu inayofunika masikio. Jasho linamtiririka. Lakini ni Desemba, na kwake Desemba ni baridi, jua liseme litakalo.

Wakati wa chakula Diptiman akatangaza. Amekodi boti. Jumapili, familia nzima, kwenda kuogelea juu ya matumbawe kwa miwani na mrija wa kupumulia. Titir, binti yangu wa miaka kumi, akaruka kwenye kiti. Akamweleza mhudumu kwamba baba yake aliwahi kuvuka mto Ganga kwa kuogelea. Mara mbili! Wakati wa mafuriko! Mhudumu akanitazama tumbo.

Sasa niandike ukweli, maana daftari halisemi. Sijui kuogelea. Hata kidogo. Ninafanya kazi idara ya maji ya manispaa mwaka wa kumi na tisa huu, lakini maji yangu yote yamo ndani ya mabomba. Nilipokwenda kuposa, mama mkwe aliniuliza kama nayajua maji, kwa sababu kwao mtoto huogelea kabla ya kutembea. Mdomo ukajibu wenyewe: nimevuka Ganga. Basi. Miaka ikapita, mto ukazidi kupanuka. Titir alipougua homa akiwa na miaka sita nilimwongezea nyati niliyemwokoa katikati ya mkondo. Alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. Ningemnyima vipi nyati?

Mwaka huu kaandika insha shuleni juu ya safari ile. Duniani kuna mtu mmoja tu anayenitazama kama mtu mrefu, na Jumapili atajua. Hilo ndilo linaloninyima raha. Papa siwafikirii kabisa.

Mke wangu Sutapa anajua kila kitu. Kasema, Baba Titir, mwambie mtoto kweli yaishe. Rahisi kusema! Mimi nina mpango. Mafua.

Jumamosi, 28 Desemba, asubuhi.

Nimekohoa tangu alfajiri. Kikohozi kizuri sana, kizito. Kosa langu: nimekohoa karibu na mlango wa mama mkwe. Alitoka na chupa ya mafuta ya haradali, amekuja nayo kutoka Kolkata ikiwa imefungwa katika soksi tatu. Akanisugua kifua. Akanisugua nyayo. Akanivika kofia yake. Diptiman akapita akanusa, akauliza kama leo kuna samaki wa kukaanga.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Titir akaja kitandani, akaweka miwani yake ya maji mezani taratibu, akasema kama Baba haingii na yeye haingii. Atakaa nami ufukweni anishikie kikombe. Hakununa. Ingekuwa afadhali angenuna.

Nimepona saa hiyohiyo. Mpango wa pili, nyota.

Jumamosi, jioni.

Akili ni nywele, na mimi nina upara. Nitaeleza.

Nilimwita mama mkwe faraghani. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nyota yangu ina balaa la maji. Mnajimu wa mtaani kwetu aliandika tangu nimezaliwa: asiingie baharini kabla ya kutimiza miaka arobaini na tano. Nina arobaini na nne. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Hoja ilikuwa haina tundu! Mama mkwe haanzi hata kukata kucha bila kutazama kalenda ya nyota.

Nilisahau jambo ambalo kila mkwe wa Kibengali analijua. Watu hawa wakiambiwa kuna balaa, hawakai nyumbani. Wanakwenda kulitafutia dawa.

Baada ya dakika kumi tulikuwa sokoni. Nyuma ya duka la mapazia yupo mnajimu, mzee wa Kibengali ambaye wazazi wake walihamia kisiwani zamani. Akanishika kiganja. Akauliza saa niliyozaliwa. Akapiga hesabu kwa kidole hewani muda mrefu. Nilimkonyeza. Nilimkonyeza tena. Akamwambia mama mkwe kwamba mkwe wake pia ana udhaifu wa mshipa wa jicho.

Hukumu ikawa hivi. Balaa lipo kweli, ila linaondoka kwa pete ya marijani nyekundu, kidole cha pete, mkono wa kulia. Na siku njema kuliko zote mwaka huu kwa mtu wa nyota yangu kugusa bahari ni kesho. Jumapili! Kabla ya saa sita!

Mama mkwe akanivisha pete mwenyewe. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Akasema, "Mwanangu, sasa hata mamba atakupisha." Sutapa, aliyetufuata, alitoka nje ya duka. Nilimwona mabega yakitikisika.

Jumapili, 29 Desemba.

Siku yenyewe. Ninaishi. Naandika kwa mpangilio.

Saa mbili, boti. Mwongozaji anaitwa Lakra, bwana mpana, mpole, amezaliwa hapahapa visiwani. Mama mkwe akapanda na vibweta vya chuma vinne: maandazi membamba ya luchi, viazi, bisi za mchele, na dawa ya tumbo kwa watu wanane. Tulikuwa watano, maana mke wa Diptiman alibaki hotelini akisema ameolewa na mtu mwenye miwani ya Bangkok na sasa anaomba mapumziko.

Tukafika kwenye maji ya kijani, ya kufika kifuani. Diptiman akaruka wa kwanza. Akazama, akaibuka, akapiga chafya, akatoa maji puani. Akazama tena. Vilevile. Lakra akamweleza kwa adabu kwamba ni masharubu, yanaacha nafasi chini ya miwani na maji yanaingia. Ayanyoe, au akae botini. Diptiman akasema masharubu haya yamekuwepo tangu chuo kikuu. Akakaa botini. Mungu yupo! Nilimpa luchi.

Furaha ikaisha pale Lakra aliponiita mimi. Nikashuka ngazi. Jaketi la kuelea likanipanda hadi masikioni. Lakra akasema ni rahisi, niume mrija, nipumue kwa mdomo. Pua yangu ina miaka arobaini na nne ya mazoea. Nilikunywa bahari mara tatu. Miguu ikatafuta mchanga, ikaupata, ikagoma kuuachia.

Titir alikuwa ananisubiri mbele, anaelea kama jani. "Baba, twende kule mbali! Hapa ni pa watoto. Wewe si ulivuka Ganga?"

Maji yalikuwa kifuani, lakini niseme tu yalikuwa yamenifika shingoni. Lakra akageuka. Diptiman botini akaacha kutafuna. Sikuwa na uongo hata mmoja uliobaki. Nilifungua mdomo kusema kweli, naapa, na mdomo ukatoa povu.

Hapo nyuma yangu pakasikika "chubwi!"

Mama mkwe. Miaka sitini na minane. Sari yake nyeupe ya ujane ameifunga kibwebwe, kofia ya sufu ameiacha botini, na jaketi amelikataa akisema linambana pumzi. Lakra akapiga kelele. Mama mkwe alikwisha kumpita. Alikuja pale tulipo kwa kupiga mikono mara tatu tu, hata hakurusha maji. Kisha, huyo huyo, akaanza kutetemeka!

"Titir, mimi bibi yako nimezoea bwawa la kijijini, maji ya chumvi yananitisha. Baba yako asiniache. Anishike mkono mpaka mwisho. Wewe mshike mkono ule mwingine tusipotezane."

Akanikamata kifundo cha mkono, nami nikaung'ang'ania wake. Mkono ule ungeweza kuvuta boti. Akaninong'oneza nipumue kwa mdomo kama nimeunguzwa na chai. Nikapumua. Miguu ikauachia mchanga.

Nimeona pono wa buluu akitafuna jiwe, na sauti yake ya kutafuna nimeisikia! Nimeona samaki wadogo wa manjano, wengi, wakigeuka wote kwa pamoja. Nimeona vidole vya Titir vimeshika vyangu, vimekunjamana kwa maji, vinanionyesha hiki na kile. Nililia. Ndani ya miwani. Kumbe miwani hujaa maji hata kutoka ndani.

Kila tulipoinua vichwa mama mkwe alikuwa anatoa hukumu. Yule mnene, kwa haradali. Yule wa mistari, na mboga ya mumunye. Lakra akamsihi, Mama, hawa wanalindwa, hawaliwi. Akajibu kwamba kumsifu mtu si kumla.

Jumapili, alasiri.

Mama mkwe akaniita barazani. Nikaanza kumshukuru kwa kuzungukazunguka. Akanikatiza. Akasema siku ile ya posa, niliposema nimevuka Ganga, kikombe cha chai kilikuwa kinagonga kisosi mkononi mwangu mpaka chai ikamwagika. Yeye na marehemu mumewe walicheka mpaka wakapaliwa. Kisha marehemu akasema, kijana huyu anadanganya vibaya sana, hataweza kumdanganya binti yetu hata siku moja. Tumpe.

Kwa hiyo walinipa.

Kuanzia leo simwiti mama mkwe. Ni mama.

Akasema mtoto nimwambie mwenyewe. Si kesho kutwa. Kesho.

Jumatatu, 30 Desemba.

Nimemwambia. Ufukweni, baada ya chai. Nilisema yote kwa pumzi moja. Titir alichimba mchanga kwa kidole cha mguu. Kisha akauliza, sasa Ganga nani alivuka? Nikasema kivuko. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa.

Na nyati?

Hakukuwa na nyati.

Akaondoka. Hakula nami mchana. Nilikaa chumbani nikitazama miwani yake mezani. Sijawahi kuumia hivi, hata siku niliyonyimwa ukarani mkuu.

Jioni alirudi akakaa pembeni yangu. Akasema alijua kidogo majini, kwa sababu Bibi ana alama za vidole vyangu vitano mkononi mpaka sasa. Alichukia kwa ajili ya nyati tu. Insha ilipata tisa kwa kumi na mwalimu aliisoma mbele ya darasa, kwa hiyo haitarekebishwa. Lakini mimi nitafundishwa kuogelea, na yeye. Na niape sitadanganya tena juu ya maji. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake, nikaapa. Kiapo kikubwa kuliko hicho kwetu hakuna.

Mimi ni mtu mpya.

Ijumaa, 3 Januari. Kolkata.

Ofisini wameuliza habari za visiwani. Nilisema nzuri. Nilitaka kuishia hapo. Lakini mkuu wa idara naye alikuwa anasikiliza, na Bwana Samaddar wa meza ya pili akasema bila shaka nilikaa ufukweni nimevaa viatu. Kwa dharau! Mbele ya watu!

Basi nikasema mama mkwe alichukuliwa na mkondo. Nikasema nilimfuata. Mita mia mbili, mkono mmoja.

Mkuu wa idara alinipa mkono. Akafungua droo. Kumbe mwezi wa nne kuna mashindano ya kuogelea kupokezana baina ya idara zote za manispaa, na idara ya maji, aibu iliyoje, haijawahi kuwa na timu. Sasa inayo. Jina langu ni la kwanza. Nitamalizia mbio.

Ningeweza kukataa. Lakini nimefikiri vizuri. Kiapo kilihusu bahari. Bwawa ni maji baridi. Na miezi mitatu ni mingi.

Nyumbani nikamweleza Titir. Alijifunika uso kwa mto kwa muda. Kisha akaenda jikoni, akarudi na beseni la maji, akaliweka juu ya meza ya chakula, akaniamuru nitumbukize uso na kupuliza mapovu. Sutapa na mama wamevuta viti wakae mbele.

Nikamwambia Titir mapovu ni kazi ya watoto. Ujana wangu nilikuwa nabana pumzi dakika tatu nzima.

Titir akaenda kuleta saa.